Inspiresheni kwa Kiswahili ni nini hasa? Mzuka, ilhamu, midadi au kuna lingine?

FundiVina

Mzuka wanajamvi.

Naombeni msaada wa lugha hapa maana juzi nimeumbuka na bado inaniuma. Mi naandika nyimbo, sio za kuimba mwenyewe, naandikia watu. Mchana niko steshenari yangu Temeke napiga fotokopi, usiku ndo naandika. Sasa nikaitwa redio moja sitaitaja, wana kipindi cha Kiswahili kitupu, ukichomekea Kizungu wanakupigia honi. Nikaenda vizuri tu kama dakika kumi hivi, mtangazaji akaniuliza hizi nyimbo unazitoa wapi, nikajibu bila kufikiri, unajua inspiresheni yangu bwana... PAAA honi. Nikarekebisha haraka nikasema "msukumo". Wakacheka wote mle ndani, mmoja akauliza msukumo wa mkokoteni au wa pikipiki iliyogoma kuwaka. Nikaishiwa maneno kabisa, na ndo kazi yangu maneno.

Nimerudi nyumbani nikaanza kuulizia. Prodyuza wangu anasema neno ni mzuka na liko mdomoni kila siku, "leo nina mzuka nigonge biti". Shangazi akasikia akakataa katakata, anasema mzuka ni pepo, ukisema una mzuka unajiitia mwenyewe, niseme midadi. Jirani anafundisha madrasa, yeye kanambia ilhamu. Afu dada anayenisaidia dukani ni mwanakwaya, anasema kwao wanaita upako. Maneno manne kwa kitu kimoja, au sio kitu kimoja? Yametoka wapi haya na lipi nilitakiwa kusema?

Nawasilisha.

Bwana_Posho

Sema motisha mkuu. Ukisikia motisha ujue kuna bahasha.

FundiVina

Hahaha nimeandikia watu miaka sita sijawahi kuiona hiyo bahasha. Na motisha nayo si Kizungu kilichovaa kanzu?

MpigaKanuni

Assalaam alaykum. Mie ni mtu wa Unguja, napiga kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab, kwenye kikundi chetu mitaa ya Mji Mkongwe, kwa hiyo ilhamu nitaisemea kidogo maana kwetu ni neno la kawaida tu, mpaka watoto wa kike wanaitwa Ilham.

Ni Kiarabu. Mzizi wake ni lam, ha, mim na maana yake ya asili haina mambo ya sanaa hata kidogo, ni KUMEZA. Lahima ni kumeza kwa pupa, alhama ni kumfanya mtu ameze. Ilhamu basi ni kitu ulichomezeshwa, umekuta kiko tumboni hujui kimeingia saa ngapi. Kwenye Qur'ani kitenzi hiki kimekuja pahala pamoja tu, Suratush Shams aya ya 8, Mungu ameitia nafsi kujua uovu wake na ucha Mungu wake. Hamna mashairi pale wala ngoma. Baadae ndo wanazuoni wakatenganisha, wahyi, yaani ufunuo wa Mungu, ni wa Mitume, ilhamu ni ya watu wa kawaida wenye moyo safi, halafu washairi nao wakajichukulia. (Ingawa nyuki alipewa wahyi, Suratun Nahl aya ya 68, nenda kasome, siku zote nawaambia wanafunzi wangu nyuki katupita wasanii sote cheo.)

Sasa shangazi yako na midadi yake, kwa Kiarabu midadi ni wino, iko mwisho wa Suratul Kahf pale bahari ingekuwa wino, kwa hiyo akisema mwandishi apandwe na midadi mie nacheka peke yangu.

Ila sisi wapigaji tuna jengine. Taarab yenyewe jina limetoka tarab, ile hali ya kuguswa na muziki mpaka hujijui, furaha na huzuni pamoja. Lakini tarab ni ya msikilizaji, ndo yule anayeinuka kwenda kutuza. Mpigaji yeye kwa Waarabu ana hali yake wanaiita SALTANA. Ni usultani huo huo. Umekaa na ala yako unapapasa makamu moja, yaani mpangilio mmoja wa sauti, rasti kwa mfano, dakika kumi, robo saa, mara makamu ile inakutawala, vidole vinakwenda vyenyewe, si wewe tena. Hapo ndo unaambiwa anza. Mtu asiye na saltana anapiga noti sahihi zote na watu wanaangalia saa.

jiniasi_wa_mtaa

Mbona rahisi tu, jiniasi ni JINI. Wazungu walilichukua kwetu na Waarabu. Mtu mwenye akili nyingi ana jini. Mada ifungwe.

MamaKitabu

Usifunge mada ya watu mdogo wangu, umekosea lakini kosa lako ni tamu kwa hiyo nakaa nalieleza.

Genius ni Kilatini, kwa Warumi ilikuwa roho inayozaliwa na mtu na kumlinda maisha yake yote, na mzizi wake ni wa kuzaa. Jini ni Kiarabu, mzizi wake jim na nun mbili, maana yake KUFICHIKA. Jini hafichuki. Janini ni mtoto aliye tumboni, hajaonekana. Janna ni bustani iliyofunikwa na miti. Majununi ni mtu ambaye akili imefunikwa. Hayo mawili hayana undugu wowote wa damu, yalikutanishwa Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 18, Antoine Galland alipotafsiri Alfu Lela Ulela akahitaji neno la jini, akaona génie la Kifaransa linafanana kwa sauti na kwa maana kidogo, akaliweka, tangu hapo likaganda.

Ila kuhusu msanii kuwa na jini hujakosea. Waarabu wa kabla ya Uislamu waliamini kila mshairi mkubwa ana jini wake anayemnong'oneza, na kuna bonde likiitwa Abqar lililosemwa ni makazi ya majini, mpaka leo Kiarabu cha kumwita mtu kipaji cha ajabu ni abqari, mtu wa Abqar. Ndo maana Mtume alipoanza kusoma aya wale Makureshi wakasema huyu mshairi majununi. Kwao mshairi na mwenye majini walikuwa kiti kimoja.

Na Wagiriki nao walikuwa na wao, mabinti tisa wa Zeus wanaitwa Muse, kila mmoja na sanaa yake, huyu utenzi, huyu historia, huyu ngoma. Mama yao anaitwa Mnemosyne, na jina lake ni Kumbukumbu. Sasa angalieni hapa. Nyumba ya hao mabinti kwa Kigiriki ni mouseion, Wazungu wakaifanya jumba la kuhifadhia vitu vya kale. Sisi tulipotaka jina la jumba hilo hatukuwajua hao mabinti wala hatukuwa na habari nao, tukasema MAKUMBUSHO. Tumewaruka watoto tumekwenda moja kwa moja kwa mama yao. Nilipoligundua hili nilikuwa jikoni nikaacha wali unaungua.

Konda_Mstaafu

Kwa hiyo miaka yote nimening'inia mlangoni naita Makumbusho Makumbusho Makumbusho nilikuwa namwita mama wa mashairi. Na hakuna hata siku moja aliyepanda na nauli kamili.

Mwana_Pwani_Halisi

Wakuu nimesoma yote nimeona mnazunguka Uarabuni na Ugiriki mnaliacha la kwetu. Ngoja niseme, mi bibi yangu alikuwa mtu wa ngoma za pepo huku Bagamoyo, nimelala kwenye hizo ngoma nikiwa mdogo.

Sikilizeni kitenzi, msisikilize nomino. Mzuka unaPANDA. Midadi inaPANDA. Mori unaPANDA. Stimu zinaPANDA. Pepo anaPANDA, na mtu akishikwa tunasema tu amepandisha, hata hatumalizii amepandisha nini. Kwenye ngoma yule mgonjwa anaitwa KITI. Kiti cha pepo. Yani yeye hafanyi kitu, yeye amekaliwa. Na pepo hapandi ovyo ovyo, ana ngoma yake na mdundo wake na ubani wake na nguo ya rangi yake, mganga akikosea mdundo anaweza kupiga usiku kucha na kiti kimekaa kinapiga miayo. Sasa niambieni hiyo tofauti yake na studio ni nini? Prodyuza anajaribu biti hii hapana, hii hapana, ya saba jamaa anaruka kwenye maiki. Umepatikana mdundo wake.

Halafu neno lenyewe mzuka. Linatoka kwenye kuzuka, kutokea ghafla pasipo na kitu. Ndugu zake ni kuzua na kuzusha na uzushi na mzushi. Mnaona ukoo huo? Mtunzi ni mzushi, anazua kitu ambacho hakikuwepo, na siku kikizuka chenyewe bila yeye kukizua ndo mzuka. Na wale wa televisheni wanaosema "kuibua vipaji" nao wanajua wasichokijua, kuibuka ni kutoka ndani ya maji kuja juu. Kipaji kiko chini ya maji kinabana pumzi.

Sasa ilhamu ya sheikh wa Unguja na upako wa yule dada wa kwaya, sikilizeni vitenzi vyake. Upako unaSHUKA. Wahyi unaSHUSHWA. Hayo ya juu. Ya kwetu yanatoka chini. Kwa hiyo mleta mada sio kitu kimoja, ni vitu viwili, kimoja kinatoka darini kimoja kinatoka sakafuni, na shangazi yako anakuogopea hicho cha sakafuni.

Sauti_ya_Pili

Naongezea kwa upande wa kwaya. Upako unatoka kwenye kupaka, kupakwa mafuta kama wafalme wa zamani. Mwalimu wetu wa kwaya mzee kidogo halipendi anasema limekuja na vijana wa spika kubwa, yeye anasema UVUVIO. Kuvuvia ni kupuliza moto ule wa jiko uwake. Na Paulo kwa Timotheo, waraka wa pili, 3:16, Biblia yetu inasema andiko lenye pumzi ya Mungu. Hilo inspiresheni lenyewe la Kilatini ni hilo hilo, kupulizia ndani. Kwa hiyo FundiVina ungesema "nina uvuvio" ulikuwa umetafsiri kabisa neno kwa neno na honi wasingepiga.

Ila wangecheka tena, najua.

FundiVina

Uvuvio Temeke wangedhani nimeenda kuvua samaki.

Mbeba_Box_Granada

Mwana_Pwani_Halisi umenifanya niingie nijibu na huwa nasoma tu nakaa kimya. Mi niko Granada, Hispania kusini, mwaka wa nne huu, kazi zangu za kubeba na kuosha, usiku mmoja mmoja naenda kusikiliza flamenko, muziki wa huku wa gita na kuimba. Hawa watu wana neno wanaitaja wakati mwimbaji amewaua kabisa, wanasema ana DUENDE. Mwanzo nikafungua kamusi nicheke, duende kwenye kamusi ni kijizimwi cha ndani ya nyumba, kinaficha vijiko, kinagonga milango usiku, linatokana na duen de casa, mwenye nyumba. Nikawa najiuliza zimwi la vijiko limefikaje kwenye muziki. Leo ndo nimeelewa, ni mzuka huo! Neno la pepo limehamia kwenye sanaa, kule na huku, na hakuna aliyemkopa mwenzie.

Aliyelifanya neno hili lijulikane duniani ni mshairi wa hapa hapa, Federico García Lorca, kazaliwa 1898 kijiji cha jirani kinaitwa Fuente Vaqueros, wakamuua Agosti 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza tu. Mwaka 1933 alienda Buenos Aires akatoa mhadhara mzima kuhusu duende. Anasema msanii anatembelewa na watatu. Kuna malaika, huyu anatoka juu anapita anamwaga mwanga. Kuna Muse, huyu wa MamaKitabu, anakuja anakuimlia uandike. Hao wawili wote wanatoka nje. Duende hatoki nje, anaamshwa ndani ya damu, na kuna mzee mpiga gita alimwambia Lorca kwamba duende hayuko kooni, duende ANAPANDA kwa ndani kuanzia kwenye nyayo za miguu. Anapanda! Wakuu nimesoma ile kauli yako ya sakafuni nikasimama.

Na ana kisa kimoja kule ndani. Mwimbaji mmoja mkubwa, Pastora Pavón, jina la kazi La Niña de los Peines, alikuwa anaimba kwenye kilabu cha pombe mjini Cádiz. Sauti anayo, ufundi anao, anaicheza sauti anavyotaka, na watu kimya, hakuna aliyetikisika. Kajamaa kamoja kafupi kakasema kwa sauti ya chini "Viva Paris", kejeli hiyo, yani huku mbwembwe hatuzitaki. Mama akainuka kama kichaa, akagida glasi kubwa ya pombe kali ile ya moto, akakaa akaimba bila sauti, bila pumzi, koo linawaka, ufundi wote kautupa. Watu wakachana nguo. Kwa hiyo ilibidi abomoe kile alichokuwa anakijua vizuri ndo kipate njia ya kupita.

MpigaKanuni

Hiyo glasi ya pombe kali imenikumbusha kibuki. Wa Unguja wanaelewa, yale mashetani ya Kibuki, ya kutoka Bukini, yaani Madagaska, hayapandi bila brandi. Mie simo humo, nasimulia tu.

Lakini Mwana_Pwani usituweke sote darini. Saltana si ya juu. Saltana inakukuta umekaa chini kwenye mkeka.

jiniasi_wa_mtaa

Naomba niombe radhi kuhusu jini. Lakini bado mi jiniasi.

Bi_Mkubwa_wa_Kibokoni

Nyinyi watu wa Bara na hata sheikh wa Unguja mwasema sana juu na chini, juu na chini, kama lifti. Hapa Mombasa na Lamu washairi wetu wa kale hawakungoja apandaye wala ashukaye. Yangalieni matenzi, mwanzo ni Bismillahi, kisha wino na karatasi, basi, kazi yaanza. Mwana Kupona mwaka wa 1858 alikuwa mgonjwa, maradhi yamemshika mwaka mzima, amwita bintiye aje na wino na karatasi kwa kuwa MOYONI ana hadithi ataka kumwambia. Moyoni. Haikutoka nyayoni wala mbinguni, ilikuwa hapo siku zote, maradhi ndiyo yaliyomharakisha. Mwaniambia huyo naye alikuwa na mzuka? Alikuwa na binti wa kuusiwa na siku zamwishia.

Mie ningekuwa wewe FundiVina ningemjibu huyo mtangazaji, "moyoni nina hadithi", honi aipigie nini?

MamaKitabu

Bi Mkubwa umeua. Ila naomba nitete kidogo, huyo Lorca naye anasema duende hasogei mpaka aone kifo kiko karibu. Mwaka mzima kitandani... sijui, naona wanasogeleana.

Bi_Mkubwa_wa_Kibokoni

Basi na wasogeleane, lakini zimwi la vijiko simkubali.

Mwana_Pwani_Halisi

Hahahaha zimwi la vijiko. Nakubali moyoni, Bi Mkubwa. Ila angalia hata moyo, tukichefuka tunasema moyo UMEPANDA. Siachi kitenzi changu.

Bwana_Posho

Mi mzuka wangu unapanda tarehe za kodi. Mwenye nyumba akigonga tu naandika beti nane. Duen de casa hasa huyo, mwenye nyumba halisi.

Mbeba_Box_Granada

Bwana_Posho nimecheka mpaka bosi kaniangalia. Ndo tafsiri sahihi kuliko zote humu.

FundiVina

Wakuu nimesoma uzi wote mara mbili na usiku huu nimemsomea shangazi sehemu ya Mwana_Pwani, ile ya kiti. Akanyamaza muda mrefu afu akaniambia unajua marehemu mamaako alikuwa kiti? Sikujua. Miaka thelathini na nne sikujua. Anasema alikuwa akipandisha anaimba nyimbo ambazo hakuna aliyemfundisha, na akishuka hakumbuki hata mstari mmoja, na ndo maana yeye shangazi hataki kusikia neno mzuka nyumbani kwake, sio dini wala nini. Nimemuuliza hakuna aliyeziandika? Kanambia nani angeziandika, tulikuwa tunamshika mikono.

Basi nimekaa. Sijaandika kitu leo.

Redio wamenipigia tena, wanataka nirudi Alhamisi kumalizia kipindi. Swali langu la mwisho kwa MpigaKanuni, nikitaka kutumia ilhamu nasemaje, maana naona inakataa kuwa kitenzi, nimejaribu "nimeilhamika" mdomo umegoma. Inapanda au inashuka?

MpigaKanuni

Allah amrehemu mamaako.

Kwetu hatusemi imepanda wala imeshuka. Twasema imenijia. "Leo imenijia ilhamu." Kama mgeni vile, kapiga hodi, hujui kapita njia gani. Na isipokuja twasema haijanijia, tunafunga kanuni kwenye mfuko wake tunakwenda kunywa kahawa.

Konda_Mstaafu

Alhamisi saa ngapi mkuu, na masafa gani? Niwashe redio.